Muulize Mkunga: Mtoto amezaliwa, na mama je?

Mwezi huu barua za wajawazito nimeziweka kando. Nimechukua za wanawake waliojifungua kwa mara ya kwanza, kwa sababu karibu kila mmoja ameanza kwa kuniomba radhi kwamba swali lake ni la kijinga. Hakuna la kijinga humu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi wodi ya wazazi, na jambo linaloniuma ni hili: tunamfundisha mama kuhema na kusukuma, halafu mtoto akishalia, macho yote yanahamia kwa mtoto. Mama anaruhusiwa kwenda nyumbani na kichanga mikononi, damu inatoka, maziwa yanavuja, mshono unavuta, na hajui lipi ni la kawaida na lipi ni la kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Kina baba nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaoamua kama safari hiyo ya usiku itakuwapo.

Shikamoo Mama Mkunga. Nimejifungua salama siku nne zilizopita. Mtoto alipotoka tu nilianza kutetemeka mwili mzima, meno yakigongana, hata sikuweza kumshika vizuri. Baadaye wakunga wakawa wanapita kunibonyeza tumbo, na inauma. Sasa niko nyumbani, tumbo bado ni kubwa utadhani nina mimba ya miezi mitano, damu inatoka, na kila nikimweka mtoto kwenye titi tumbo linakata. Kuna kitu kimebaki ndani? – Mama wa Siku Nne

Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na kutetemeka, maana kunatisha na ni wachache wanaoonywa mapema. Wanawake wengi hutetemeka hivyo mara tu baada ya kujifungua, waliozaa kwa njia ya kawaida na waliopasuliwa. Hakuzuiliki kwa kujikaza, wala si dalili kwamba umeishiwa nguvu. Unafunikwa blanketi, mtoto analazwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi huku mtu akimshikilia, na baada ya muda kunapita. Kutetemeka kunakokuja siku za baadaye, ukiwa nyumbani, pamoja na homa, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni dalili ya maambukizi, na unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kubonyezwa tumbo. Kondo la nyuma linapobanduka linaacha jeraha ndani ya mji wa mimba, na mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe: inajikaza, inaibana mishipa, damu inapungua. Ndiyo maana mzazi huchomwa sindano ya oksitosini, homoni inayoukaza mji wa mimba, mara tu mtoto anapotoka, na wengi hata hawakumbuki kwamba walichomwa. Na ndiyo maana mkunga anaweka kiganja karibu na kitovu chako akitafuta kitu kigumu cha mviringo. Akikipata, anaridhika na kwenda kwa mwingine. Akikuta tumbo limelegea, anasugua mpaka mji wa mimba ujikaze, kwa sababu ukilegea unavuja, na kuvuja damu ndiko kunakoongoza duniani kwa kuua wazazi. Najua inauma. Una haki ya kuelezwa kabla hujaguswa, na mkunga mzuri hukueleza.

Jaribu mwenyewe leo. Nenda kwanza haja ndogo, kisha lala chali na ubonyeze taratibu chini ya kitovu. Utakikuta kile kigumu, na kila siku kitakuwa kimeshuka kama upana wa kidole, mpaka baada ya wiki mbili hivi hutakipata tena. Mji wa mimba ulikuwa na uzito wa karibu kilo moja ulipojifungua. Ukifika wiki ya sita haufiki hata gramu 100. Kazi ya kujikunja kiasi hicho ndiyo unayoisikia ikikata, na inazidi unaponyonyesha kwa sababu mtoto akinyonya mwili wako unatengeneza oksitosini yake wenyewe. Kwa hiyo mkato huo, kwa siku hizi chache, unafanya kazi yake.

Damu itakuwa nyekundu siku za mwanzo, igeuke kahawia au waridi, kisha majimaji meupe yenye unjano. Huchukua wiki 4 hadi 6. Ukiamka baada ya kulala kwa muda utaona imemwagika nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa ilikuwa imejikusanya. Unachotakiwa kuogopa ni pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, mabonge makubwa kuliko yai la kuku, harufu mbaya, kizunguzungu, homa, au damu iliyokwisha kufifia kurudi nyekundu na nyingi. Hapo usisubiri kuche.

Mimi nilijifungua kwa upasuaji. Nilijua sitatokwa na damu chini, lakini inatoka. Mshono wa ndani umefumuka? – Niliyepasuliwa

Haujafumuka mwanangu. Damu hii inatoka pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshikilia, na kondo lilikuwapo hata kama mtoto alitolewa tumboni. Yote niliyomweleza mwenzako hapo juu yanakuhusu. Ongeza haya: maumivu ya bega siku za mwanzo huwapata waliopasuliwa na hupita, ukikohoa au kucheka bana mto juu ya mshono, tembea mapema hata kama ni hatua chache, kwa kuwa kulala muda mrefu kunaalika damu kuganda miguuni, na usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako mpaka wiki zipite. Mshono ukianza kuwa mwekundu, kuvimba, kutoa usaha au kufunguka, rudi.

Nilichanika nikashonwa. Naona aibu kuandika hili: sijaenda haja kubwa tangu nijifungue, naogopa nyuzi zitakatika. Mkojo unachoma, na nikikohoa unanitoka. Nitabaki hivi maisha yangu yote? – Mwenye Aibu

Hutabaki hivi. Na aibu hiyo ungejua unashirikiana na wangapi! Kwa wanaozaa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, hadi 9 kati ya 10 huchanika kwa kiasi fulani, na wengi wao ni mchaniko mdogo wa msamba unaopona kwa wiki chache. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Siku moja utaona kipande cha uzi kwenye pedi, usishtuke.

Kujisaidia hakukati nyuzi. Kinachokuumiza ni kujizuia, maana kila siku inayopita choo kinazidi kukauka. Kunywa maji mengi, kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, na ukiona bado kigumu omba dawa ya kulainisha. Zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha. Ukiketi, weka miguu juu ya kitu kifupi ili magoti yapande juu kuliko nyonga, inama mbele kidogo. Chukua pedi safi, ikunje, ishikilie juu ya mshono kwa mkono na uibane kwa upole. Kisha toa pumzi polepole mdomo ukiwa wazi, usijikamue huku umebana pumzi. Mara ya kwanza utaogopa. Ya pili utashangaa uliogopa nini.

Unapokojoa jimwagie maji ya uvuguvugu papo hapo, yanapunguza makali ya mkojo. Jikaushe kwa kugusagusa, kutoka mbele kwenda nyuma. Nawa mikono kabla ya kugusa mshono na baada ya kuugusa, na anayekuja kukutazama kidonda naye anawe mbele yako. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, akiwa Vienna, aliwaamuru madaktari wa wodi yake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Wenzake wengi walimpinga. Kwa hiyo usione haya kumwambia mtu yeyote, hata daktari, anawe kwanza.

Kuhusu mkojo kukutoka ukikohoa: misuli inayobeba kibofu ilivutwa sana, nayo hurudi ikifanyiwa mazoezi. Bana kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia kwa sekunde chache, achia, rudia, mara kadhaa kwa siku. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandika mazoezi haya mwaka 1948 na mpaka leo ndiyo tunayofundisha. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, nenda ukaonwe.

Lakini nisome vizuri hapa, wewe na wasomaji wengine. Mkojo unaovuja muda wote bila kikohozi wala kicheko, mchana na usiku, hasa kwa aliyekaa na uchungu muda mrefu mno, au kinyesi kinachotokea ukeni, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya kinyesi. Haiponi kwa mazoezi wala kwa kujifungia ndani. Fistula inatibika, nyingi kwa upasuaji, na wako wanawake wanaoishi nayo miaka kwa sababu tu walidhani ndivyo uzazi ulivyo.

Mama, leo siku ya tatu maziwa hayajatoka, ni matone tu ya njano. Mtoto ananyonya, analala kidogo, anaamka tena, usiku kucha. Chuchu zimechanika mpaka damu. Kila anayekuja kunitazama anasema maziwa yangu hayatoshi, nimpe maji au maziwa ya kopo. Na amepungua uzito. Nimevunjika moyo. – Mama Mchovu

Mwanangu, pole. Matone hayo ya njano ndiyo maziwa. Ni dang'a, yamejaa kinga, na yanatoka kidogo kwa sababu mtoto wa siku moja anahitaji mililita chache tu kila anaponyonya. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya 2 na ya 4, na kwa uzazi wa kwanza, au kwa aliyepasuliwa au kupoteza damu nyingi, huweza kuchelewa zaidi. Kunyonya usiku kucha si ushahidi kwamba titi ni tupu. Mtoto anauagiza mwili wako utengeneze. Kila anaponyonya anaongeza oda ya kesho. Mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida kabisa, na hazigawanyiki sawasawa: anaweza kulala vizuri mchana halafu usiku akang'ang'ania titi.

Kupungua uzito nako kumo katika mpango. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kushuka hadi 2.7 na bado tukawa watulivu, ilimradi aanze kupanda na afikie uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, aonwe, na wewe uangaliwe unavyomnyonyesha.

Usihukumu maziwa kwa ukubwa wa titi wala kwa maneno ya wageni. Angalia nepi. Siku za mwanzo mikojo ni michache. Kuanzia siku ya 5 tunataka nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Kinyesi kinaanza cheusi kinachonata, kinageuka kijani, na kufikia siku ya 5 kinakuwa cha njano na chepesi. Nepi zikiwa kavu, au kinyesi kikabaki cheusi, au mtoto akawa mzito wa usingizi hata haamki kunyonya, mpeleke.

Sasa chuchu, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo kina mama wengi wanapokatia tamaa. Keti mgongo ukiwa umeegemea. Mgeuze mtoto mwili mzima, tumbo lake liguse lako. Sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Usimwache alale chali huku shingo tu ndiyo imegeuzwa, jaribu mwenyewe kumeza maji shingo ikiwa hivyo uone. Pua yake, si mdomo, iwe mkabala na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha subiri. Wengi hawasubiri, wanamsukumia titi mdomo ukiwa umefunguka nusu, naye anaishia kuuma chuchu tupu. Subiri mpaka apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Akishika vizuri, mashavu yamejaa, mdomo wa chini umepinduka nje, na ile sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Baada ya muda utamsikia akimeza. Ikiendelea kuuma baada ya zile sekunde za kwanza, usivumilie: penyeza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, anza upya. Hata mara tano. Chuchu iliyotoka mdomoni ikiwa imebanwa bapa imekueleza kwamba hakushika sawa.

Maziwa yakishaingia, titi linaweza kujaa likawa gumu na la moto mpaka mtoto ashindwe kulishika. Kamua kidogo kwa mkono ili sehemu inayozunguka chuchu ilainike, kisha mpe. Kitambaa baridi baada ya kunyonyesha kinatuliza. Sehemu ya titi ikiwa nyekundu na inauma, na una homa na mwili umechoka ghafla, nenda ukatibiwe, lakini usiache kunyonyesha titi hilo.

Maji usimpe, hata kama kuna joto, mpaka afikishe miezi 6. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Maziwa ya kopo ni suala la mizani na mtaalamu, si la mgeni aliyekuja kusalimia. Wako watoto wanaoyahitaji kweli, na mama zao hawajashindwa kitu. Wewe, kwa ulivyonieleza, siku ya tatu, bado uko njia nzuri.

Shikamoo mama. Mimi ni mume. Mke wangu amejifungua wiki tatu zilizopita. Wiki ya kwanza alikuwa akilia bila sababu, nikaambiwa ni kawaida. Sasa halii, lakini halali hata mtoto akilala, chakula hagusi, na juzi aliniambia mtoto angepata mama mwingine ingekuwa heri. Mama yangu anasema anadeka. Nifanyeje? – Baba Mwenye Wasiwasi

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuandika, na ninakuomba usisubiri toleo lijalo. Mpeleke leo, ikishindikana kesho.

Kilio cha wiki ya kwanza kilikuwa cha kawaida. Kondo likishatoka, homoni zilizokuwa juu wakati wote wa mimba zinaporomoka kwa ghafla, na kuanzia kama siku ya 3 wazazi wengi hulia kwa jambo dogo au bila jambo. Hilo hupita kabla ya wiki mbili kuisha. Unachonieleza sasa hakifanani na kile. Mtu aliyechoka hulala akipata nafasi. Mke wako ana nafasi na usingizi hauji, chakula hakipandi, na amekuambia kwa kinywa chake kwamba hafai. Hiyo ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani huwapata takriban wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua. Kliniki huenda wakampa orodha ya maswali 10 iliyotungwa Uskoti mwaka 1987 mahsusi kwa wazazi. Ajibu bila kuficha. Matibabu yapo, ya mazungumzo na ya dawa, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa huku akiendelea kunyonyesha.

Kabla ya hapo kuna swali inabidi wewe umuulize, ukiwa umeketi naye na mlango umefungwa: je, umewaza kufa, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja mpaka mfike hospitali. Vilevile akianza kusikia sauti, kushuku kwamba watu wanamtega, au kuwa na nguvu za ajabu bila kulala siku mbili tatu, hiyo ni dharura ya saa ileile. Huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000, na mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, lakini inapotokea haingoji.

Mwambie pia kitu kimoja kutoka kwangu. Wako wanawake wengi wanaopewa mtoto kifuani wakatazama na wasisikie ule upendo walioahidiwa. Wanasikia uchovu, woga, au ugeni tu. Upendo wao ulikuja baada ya siku, wengine baada ya miezi, katika kulisha na kubadilisha nepi. Hakuna kasoro katika moyo wao.

Na kwa mama yako, mkwe wake: zungumza naye wewe, kwa adabu, lakini zungumza. Mwambie mama kwamba mkeo anaumwa na unahitaji msaada wake. Mpangie kazi halisi, kwa mfano mtoto akishanyonya usiku amchukue yeye au wewe, mke alale saa nne au tano mfululizo chumba kingine. Usingizi huo hauchukui nafasi ya daktari, ila unamsaidia kumfikia daktari akiwa na nguvu ya kueleza.

Maswali yangu ni mengi madogo. Kichwa cha mwanangu ni kirefu. Matiti yake yamevimba yana maziwa, na kwenye nepi niliona damu kidogo (ni msichana). Ngozi inabambuka. Anapiga chafya, ana kwikwi, na akilala pumzi inasimama kidogo halafu anahema haraka haraka. Na macho yameanza kuwa ya manjano. – Mama wa Binti

Hapa nitakwenda mbio, isipokuwa mwishoni. Kichwa kilijiminya kupita njiani. Kitarudi mviringo ndani ya siku chache. Matiti na tone la damu ni homoni zako zilizombakia mwilini, vinaisha vyenyewe. Usiyakamue matiti yake hata kidogo, utayatia maambukizi. Ngozi kubambuka ni kawaida kwa aliyetoka kwenye maji, chafya inasafisha pua, kwikwi haimuumizi. Pumzi ya kichanga haina mpangilio: anaweza kutua kwa sekunde kadhaa, kisha akahema haraka. Hesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia; kati ya 30 na 60 ni sawa. Zikizidi 60, au kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani, au anaguna kila pumzi, au midomo inageuka bluu, kimbia.

Kitovu kiache kikavu na safi, nepi ikunjwe chini yake, na usipake kitu chochote ambacho hukupewa kliniki. Kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki mbili hivi. Ngozi ikiwa nyekundu kukizunguka au kikitoa usaha, aonwe. Joto la mwili likifika nyuzi 37.5 au zaidi, au likishuka chini ya 35.5, aonwe pia. Kichanga mwenye homa hatibiwi nyumbani.

Manjano ndiyo nataka uyaangalie kwa makini. Watoto wengi hupata unjano siku ya 2 au ya 3, kwa sababu ini lao bado halijaweza kuondoa bilirubini yote, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, na kwa kunyonya mara kwa mara hupungua ndani ya wiki mbili. Mpeleke dirishani penye mwanga wa mchana, usitumie taa. Tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, maana kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi uso unaweza kukudanganya. Unjano uliotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika viganjani na nyayoni, au unaokwenda pamoja na usingizi mzito na kukataa titi, unahitaji kipimo siku hiyohiyo. Bilirubini ikipanda mno huharibu ubongo, na tiba yake, mwanga maalumu wa bluu, ni rahisi mtoto akiwahishwa. Kumwanika juani hakuchukui nafasi ya mwanga huo.

Mwanangu ana wiki tano. Kila jioni analia kwa muda wa saa mbili, hata tatu. Ameshiba, amekauka, hana homa, na bado analia. Juzi nilimshika kwa nguvu mno nikaiogopa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mama mbaya? – Naomba Msinitaje

Si mama mbaya. Umeiogopa mikono yako, na woga huo umemlinda. Kilio cha namna hii huanza kuongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, na kwa wengi hupoa kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Jioni ndiyo saa yake. Mtoto aliyezaliwa na afya njema hulia hivi, hata kwa mama mwenye watoto saba.

Mbebe kifuani, tembea naye, punguza taa na kelele, mcheulishe, mwogeshe maji ya vuguvugu. Lolote likisaidia leo huenda lisisaidie kesho. Na ukihisi kifua kinapanda, mlaze chali mahali salama, pasipo mto wala nguo za kumfunika uso, funga mlango, toka. Kaa nje dakika kumi. Nawa uso, mpigie mtu. Kilio hakitamdhuru. Kutikiswa kutamdhuru: kichwa chake ni kizito, shingo haina nguvu, na mtikiso wa sekunde chache unaweza kumvujisha damu kwenye ubongo, ukampofusha au kumuua. Kila atakayemshika mtoto wako, hata kwa saa moja, aambiwe hivyo.

Kilio kikibadilika kikawa chembamba cha kukata masikio, au kinyonge, au akatapika kijani, au akakataa titi, hicho si cha jioni tena. Mpeleke. Na jambo moja kwa usiku: alale chali siku zote, wala usimnyonyeshe ukiwa kwenye kochi ukiwa na usingizi, maana mkipitiwa anaweza kukwama kati yako na mto.

Mtoto amepangiwa tarehe zake za chanjo. Mimi sijapangiwa chochote. Nami narudi kliniki? – Mama Aliyesahauliwa

Unarudi, na ukiulizwa mtoto ana nini, sema umekuja kwa ajili yako. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Waombe wakupime presha hata kama haikupanda wakati wa mimba, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kuzaa, hadi wiki ya sita. Kichwa kinachouma vibaya bila kutulia, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba: usingoje tarehe, nenda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, usingoje pia.

Waangalie mshono wako, waulizie mkojo, choo na usingizi wako. Wasipouliza, anza wewe. Na kabla hujaondoka zungumzeni uzazi wa mpango, maana yai hutangulia hedhi: unaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja. Kunyonyesha kunakinga vizuri iwapo tu hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi 6, na hapewi kitu kingine ila titi, mchana na usiku. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, chagua njia nyingine siku hiyohiyo.